Kuku wa Uani, Sheria Ndogo na Leja ya Chama

(Haya ni maelezo yaliyotolewa na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika katika semina ya makatibu na wajumbe wa Bodi za vyama wanachama. Yamechapwa hapa kwa ajili ya vyama ambavyo havikuweza kuleta wajumbe. – Mhariri)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya ufugaji wa kuku na wanyama wadogo majumbani, na hasa juu ya sheria ndogo zinazouongoza. Nimewaona baadhi yenu mkitazamana. Mkaguzi ana nini na kuku? Kazi yake ni daftari la fedha taslimu, leja za wanachama, hati za malipo na mizania. Bwana Mifugo yupo na Bwana Afya yupo. Hao ndio wenye mabanda.

Jawabu langu ni kwamba kuku wamekwisha kuingia katika leja. Zamani mwanachama alikuja chamani kukopa mbolea, dawa ya kunyunyizia mimea, au ada ya mtoto. Leo, katika vyama vingi ninavyovikagua, fomu za mikopo zinataja kuku wa mayai, kuku wa nyama, mbuzi wa maziwa, nguruwe na sungura. Waombaji ni akina mama, vijana, na wastaafu waliojenga pembezoni mwa mji. Jambo hilo ni jema, wala sikuja kulizuia. Lakini mkopo ukishaandikwa katika leja, banda la mwanachama si mali yake peke yake tena. Likivunjwa, chama ndicho kinachobaki na deni.

Nitatoa mfano wa chama kimoja, nacho sitakitaja jina. Wanachama kumi na mmoja, wengi wao akina mama, walipewa mikopo ili kila mmoja afuge kuku mia moja wa mayai nyumbani kwake. Kamati ya mikopo ilifanya kazi yake kwa bidii. Iliangalia akiba, iliwahoji wadhamini, ilikwenda hata kuona nyua na kupima nafasi ya banda. Mabanda yakajengwa, vifaranga vikaletwa. Katika mwezi wa nne akapita afisa wa halmashauri, akifuatana na mgambo, akagawa notisi nyumba kwa nyumba: kuku wote waondolewe katika siku kumi na nne, kwa kuwa eneo lile ni la makazi ya mji, na sheria ndogo haziruhusu idadi ile katika kiwanja cha makazi bila ya kibali.

Eneo lile lilikuwa kijiji. Miaka michache kabla ya hapo lilitiwa ndani ya mipaka ya Mamlaka ya Mji Mdogo, na wananchi walishangilia kweli kweli, kwa maana mji huleta barabara, umeme na bei nzuri ya viwanja. Hakuna aliyeuliza mji unaleta nini kwa mwenye kuku.

Sasa tazameni hesabu yake. Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na umri wa wiki ishirini hivi, na hadi kufika hapo huwa amekwisha kula kilo 7 hadi 8 za chakula. Kuku mia moja wamekula kilo 700 hadi 800 pasipo kutoa hata yai moja. Anayelazimika kuwauza wakiwa na wiki kumi na sita amelipia gharama yote ya kuwalea, naye hajavuna lolote. Wachuuzi wa kuku nao wana masikio: wakishasikia kuna notisi, bei hushuka siku hiyo hiyo. Katika wanachama wale kumi na mmoja, nilipofungua leja mwaka uliofuata, wawili tu walikuwa wamemaliza deni, nao walilimaliza kwa mshahara wa waume zao.

Nimeipitia fomu ile ya mkopo mara mbili. Inauliza jina la mwanachama, namba yake, akiba, hisa, wadhamini, shughuli, faida inayotarajiwa, hata jina la mrithi. Mahali pa kuandika kama shughuli yenyewe inaruhusiwa mahali hapo hapakuwapo.

Yafaa basi tujue sheria ndogo ni kitu gani, kwa sababu neno hili hutumika ovyo. Afisa akisema neno mkutanoni, watu husema ni sheria ndogo. Mtendaji akibandika karatasi mtini, ni sheria ndogo. Sivyo. Sheria ndogo huzaliwa kwa hatua, na kila hatua huacha karatasi.

Kijijini, mamlaka hayo yanatokana na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inayohusu Mamlaka za Wilaya, ambayo katika vitabu vya sheria ni Sura ya 287. Halmashauri ya Kijiji hupendekeza, Mkutano Mkuu wa Kijiji hukaa na kujadili, kisha Halmashauri ya Wilaya huidhinisha. Ikikosekana hatua mojawapo, hiyo bado ni rasimu, hata kama imepigwa chapa na kutiwa mhuri. Kwa hiyo kila kijiji chenye sheria ndogo ya mifugo hapana budi kiwe na muhtasari wa Mkutano Mkuu ulioijadili na barua ya Halmashauri ya Wilaya ya kuidhinisha. Ziombeni karatasi hizo. Si utovu wa adabu kuziomba.

Sheria ndogo za halmashauri yenyewe, iwe ya wilaya, ya mji au ya jiji, zina njia ndefu zaidi. Wananchi hutangaziwa kusudio na kupewa nafasi ya kuleta maoni au pingamizi kwa maandishi. Baraza la madiwani hupitisha. Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huidhinisha. Kisha hutangazwa katika Gazeti la Serikali na kupata namba na mwaka. Namba hiyo ndiyo cheti chake cha kuzaliwa. Mtu akikwambia kuna sheria ndogo ya halmashauri inayokataza mbuzi, mwulize kwa upole namba ya tangazo na mwaka wake. Akiwa nayo atakupa, na kazi yako ya kuitafuta itakuwa rahisi.

Hapo niwape tahadhari, nisije nikasikia kwamba mkaguzi amewafundisha watu ukaidi. Yako maagizo halali yasiyopita njia hiyo. Ugonjwa ukizuka, Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inawapa wataalamu wa mifugo uwezo wa kuweka karantini, na karantini haingoji Mkutano Mkuu wa kijiji. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na mnyama mmoja aliyehamishwa usiku anaweza kumaliza nguruwe wa tarafa nzima. Amri ya namna hiyo hutiiwa kwanza. Maswali huulizwa baadaye. Kadhalika ziko sheria za nchi, kama Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, ambazo zinahusu kero na uchafu unaohatarisha afya, hata pale ambapo kijiji hakina sheria ndogo yoyote ya mifugo. Kutokuwako kwa sheria ndogo si ruhusa ya kumwaga kinyesi mtaroni.

Mkishaipata sheria ndogo, isomeni kwa utaratibu. Nimeona makatibu wakiruka moja kwa moja hadi kwenye adhabu, wakatishika, wakafunga jalada. Anzeni mwanzo. Kifungu cha matumizi hueleza inatumika wapi: wilaya nzima, au maeneo ya mji tu, au kata zilizotajwa. Wengi wangeishia hapo wakitambua kwamba haiwahusu, au kinyume chake, kwamba inawahusu bila wao kujua.

Kisha someni kifungu cha tafsiri, nacho msikiruke hata kidogo. Neno "mifugo" katika karatasi moja laweza kuwa ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda. Katika karatasi nyingine likawa pamoja na kuku, bata, sungura na nguruwe. Nimesikia ugomvi wa nusu siku ofisini kwa mtendaji, huyu akisema kuku ni mifugo na yule akisema kuku ni ndege. Jibu lilikuwamo katika ukurasa wa kwanza, mstari wa saba, wala halikuhitaji elimu ya viumbe. Vivyo hivyo neno "kuzurura". Je, kuku wa kienyeji anayetoka asubuhi na kurudi jioni anazurura? Kwa karatasi nyingine ndiyo, kwa nyingine siyo, kwa kuwa zinasema juu ya wanyama wa miguu minne tu.

Baada ya hapo hufuata masharti yenyewe. Hayafanani kila mahali, lakini mambo yanayogusiwa aghalabu ni yale yale: kibali cha kufuga, idadi isiyozidi kiasi fulani, umbali wa banda kutoka nyumba ya kuishi na mpaka wa jirani, uimara na usafi wa banda, maji, mahali pa kutupia samadi, na katazo la kuchunga barabarani. Mfano wa zamani unaojulikana ni Kanuni za Kilimo cha Mijini za mwaka 1992, ambazo ziliweka kikomo cha ng'ombe 4 kwa mfugaji mmoja wa mjini, nao wafugwe ndani, pasipo kuchungwa. Sheria ya mipango miji imetungwa upya mwaka 2007, kwa hiyo kanuni zile msizishike kama neno la mwisho. Nazitaja kwa kuwa mtindo wake wa kuhesabu, kufungia na kutochunga bado unaonekana katika sheria ndogo za miji.

Juu ya umbali nasema neno moja: chukueni futi ya kupimia. Tusikadirie kwa hatua, maana hatua za mwenye kuku ni ndefu na hatua za jirani yake ni fupi.

Nirudi kwenye jambo la mipaka, kwa sababu ndilo lililowaumiza wale kumi na mmoja, nami naliona likija katika vyama vingine vinne au vitano vya eneo letu. Miji inakua. Eneo likiingizwa katika Mji Mdogo, au mji mdogo ukipandishwa kuwa Halmashauri ya Mji, mambo mawili hubadilika kwa mfugaji. Kwanza, sheria ndogo zinazomhusu zaweza kuwa nyingine kabisa. Pili, na hili watu hawalitambui, uwezo wake wa kuzitunga hubadilika. Kijijini, Mkutano Mkuu ulikuwa na sauti. Mwanamke mwenye kuku wake aliweza kusimama na kusema sheria hii itatuumiza, tuiandike vingine. Mtaa wa mjini una kamati na mwenyekiti, lakini hauna uwezo wa kutunga sheria ndogo kama ule wa kijiji. Neno lake sharti lipande kwa diwani hadi barazani. Kwa hiyo katibu ambaye chama chake kipo mahali panapoelekea kuwa mji asingoje notisi. Aende akaulize: mpaka mpya unapita wapi, unaanza kutumika lini, na sheria ndogo zipi zitafuata?

Wako wanaoniambia, "Ndugu Mkaguzi, sisi chama chetu kimeandikishwa na Mrajis, na masharti ya chama yanataja ufugaji." Kweli, yanataja. Lakini masharti ya chama ni mapatano yetu wanachama, chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Yanatufunga sisi kwa sisi. Hayamfungi Bwana Afya, wala hayawezi kuruhusu kile ambacho halmashauri imekikataza kihalali. Cheti cha uandikishaji si kibali cha banda.

Sasa faini. Mzee mmoja, mwanachama wa siku nyingi, alikuja ofisini kwa chama akiomba mkopo wa dharura. Mbuzi wake sita walikuwa wamekamatwa kwa mara ya tatu. Katibu, ambaye ni binti mwenye umri wa mjukuu wake, akamwuliza: "Babu, stakabadhi za mara mbili zilizopita ziko wapi?" Hakuwa nazo. Alikuwa amelipa taslimu, kwa mkono, kando ya njia, kwa vijana waliowakamata mbuzi. Binti yule hakutoa mkopo siku ile. Alikwenda pamoja na mzee hadi ofisi ya kata, akaomba aonyeshwe sheria ndogo na kiwango cha adhabu, akaomba kumbukumbu namba ya malipo. Faini halali ilikuwa ndogo kuliko ile iliyodaiwa njiani, nayo mzee akailipa kwa fedha zake mwenyewe. Namsifu katibu yule kuliko makatibu wenye vyeti vingi ukutani.

Sheria ndogo nyingi zina kifungu cha kufifilisha kosa. Maana yake ni kwamba mtu anayekubali kosa anaweza kukiri kwa maandishi mbele ya ofisa aliyeruhusiwa, akalipa kiasi kisichozidi adhabu iliyowekwa, na mambo yakaisha pasipo kwenda Mahakama ya Mwanzo. Ni njia nzuri kwa mtu ambaye kweli amekosa. Kwa mtu ambaye hakukosa si njia nzuri, kwa sababu ameandika kwa mkono wake kwamba amekosa. Kwa vyovyote vile fedha hupokelewa kwa stakabadhi ya Serikali. Pasipo stakabadhi hakuna malipo. Kuna fedha iliyopotea tu, nami siwezi kuikubali katika hesabu za chama kama matumizi halali, iwapo chama ndicho kilichotoa.

Lakini tusimwonee haya mzee wetu. Mbuzi walizurura, na walikula mchicha wa mjane anayeishi kwa kuuza mchicha. Faini inaingia halmashauri. Haimlipi mwenye mchicha. Fidia ni jambo jingine, na huyo mjane naye ni mwanachama wetu, namba yake katika leja iko kurasa chache tu kutoka kwa mzee. Mara nyingi tunazungumza juu ya sheria ndogo kana kwamba upande mmoja ni wanachama na upande wa pili ni Serikali. Nikizipitia kumbukumbu za migogoro, aliyepeleka mashtaka aghalabu ni mwanachama mwenzetu aliyechoka.

Na huchoshwa na nini? Harufu, nzi na kelele. Kuku mia moja wa mayai hutoa kinyesi cha kilo kumi na zaidi kwa siku. Kwa mwezi ni zaidi ya kilo mia tatu. Swali la kumwuliza mwombaji wa mkopo si "utauza mayai wapi" peke yake, ni pia "kilo mia tatu hizo zitakwenda wapi?" Mwenye jibu, kwa mfano aliyekwisha kupatana na mlima mboga aje na magunia kila Jumamosi, huyo ni mfugaji. Asiye na jibu ana ugomvi unaomngoja. Maranda yakiwa makavu na yakigeuzwa, harufu hupungua sana. Yakilowa chini ya vyombo vya maji, mtaa wote hujua. Na juu ya kelele, wengi hawafahamu kwamba kuku wa mayai hutaga pasipo jogoo. Jogoo ni wa lazima kwa anayetaka vifaranga tu. Kwa mwenye mayai ya kuuza, jogoo ni mlaji wa chakula asiyetaga, tena huwaamsha majirani saa kumi za usiku. Nimeona shauri la miezi mitatu likamalizwa kwa supu.

Kuna jambo ambalo sheria ndogo hulitaja kwa mstari mmoja, nalo laweza kuangusha mikopo mingi kuliko notisi zote: ugonjwa wa mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ukiingia katika mtaa wenye kuku wasiochanjwa, unaweza kuondoka na karibu wote. Chanjo yake ipo, na ile inayostahimili joto hutengenezwa hapa nchini. Ni tone moja jichoni, kwa kifaranga na kwa kuku mkubwa sawasawa, nayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kuku aliyekwisha kuugua haiwezi kumponya. Shida si bei yake. Shida ni kwamba chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, basi mwenye kuku kumi huona hasara kununua chupa, huacha, na kuku wake kumi wanaozunguka mtaani huwa ndio mlango wa ugonjwa kwa mia moja wa jirani waliochukuliwa mkopo. Hapa hakuna sheria ndogo itakayotusaidia kama ushirika wenyewe. Chama kinunue chupa, kitangaze siku, Bwana Mifugo wa kata aje, na wenye kuku watano wachangie kwa kadiri ya kuku wao. Iandikwe katika daftari: tarehe, nyumba, idadi, na tarehe ya kurudia.

Na tusemezane kweli juu ya jambo la aibu. Kuku wakianza kusinzia na kuharisha kijani, wako wanaowafunga miguu upesi na kuwakimbiza mnadani kabla hawajafa. Mtu huyo ameokoa shilingi kidogo na ameupeleka ugonjwa kwenye tenga la kila aliyenunua siku ile. Sheria ya mwaka 2003 inamtaka mwenye mnyama mgonjwa atoe taarifa. Mizoga nayo ifukiwe chini sana au ichomwe. Isitupwe korongoni ambako mbwa wataigawa.

Nimesema maneno mengi juu ya kutii. Niseme na juu ya kutunga, maana sheria ndogo si mvua, kwamba inanyesha tu. Katika wilaya moja ninayoifahamu, halmashauri ilitoa kusudio la kupiga marufuku mifugo yote, pamoja na kuku, katika eneo lote la mji mdogo. Tangazo lilibandikwa ofisi za kata. Watu walilipita wakienda sokoni. Katibu wa chama kimoja alilisimamia akalisoma, akalinakili. Jioni ile aliitisha Bodi. Hawakuandika malalamiko. Waliandika barua ya kurasa mbili: wanachama wangapi wanafuga, kuku wangapi, mikopo ya kiasi gani haijalipwa, na kwamba kufungwa kwa shughuli hizo kwa mara moja kutaviangusha vyama viwili. Kisha wakapendekeza: marufuku iwe ya wanyama wanaozurura, kuku waruhusiwe kwa idadi inayolingana na ukubwa wa kiwanja, kwa kibali na kwa ukaguzi wa Bwana Afya, na waliomo tayari wapewe muda wa kumaliza kundi lililopo. Waliweka sahihi, wakampelekea Mkurugenzi na nakala kwa diwani, kabla ya muda wa maoni kwisha. Sheria ndogo ilipotoka haikuwa na kila walichoomba. Idadi ilikuwa ndogo kuliko ile waliyopendekeza. Lakini kuku walibaki, na muda wa mpito ulikuwamo.

Chama cha jirani nacho kilikuwa na wafugaji wengi zaidi. Kilipeleka barua yake wiki sita baadaye, ndefu zaidi na yenye maneno makali zaidi. Ilipokelewa, ikagongwa mhuri, ikawekwa katika jalada.

Basi nakuja kwenye yale nitakayoyatafuta nitakapopita kukagua. Nataka kila chama kiwe na jalada la sheria ndogo: za kijiji au za halmashauri, zinazohusu mifugo, usafi wa mazingira na ushuru, na barua au namba ya tangazo inayothibitisha kila moja. Jalada hilo likae ofisini, mahali ambapo mwanachama anaweza kulisoma, lisikae nyumbani kwa Mwenyekiti. Nataka fomu ya mkopo wa ufugaji iongezwe sehemu ya kueleza kiwanja kiko kijijini au mjini, ni cha makazi au cha shamba, mwanachama atafuga wangapi, sheria ndogo inaruhusu wangapi, na kama kibali kinahitajika, nakala yake iambatanishwe kabla fedha haijatoka. Kabla, nasema. Kibali kinachofuata fedha huwa hakifiki.

Pia muda wa marejesho. Nimekuta mkopo wa kuku wa mayai ambao rejesho lake la kwanza ni siku ya thelathini. Kuku huyo atataga baada ya miezi mitano. Mwanachama atalipa kwa nini katika miezi ile minne? Atalipa kwa kupunguza chakula cha kuku, na kuku wasioshiba watachelewa kutaga, na deni litakua. Kamati za mikopo zilitazame jambo hili katika kikao kijacho. Kwa kuku wa nyama, ambao huuzwa baada ya wiki tano au sita, hesabu ni nyingine.

Kamati za Usimamizi nazo zina kazi. Zikienda kumtembelea mkopaji zisihesabu kuku tu. Zitazame banda liko umbali gani kutoka kwa jirani, samadi iko wapi, na daftari la chanjo linasema nini. Na zimsalimie jirani. Jirani atawaeleza mengi ambayo mkopaji hakuyaandika.

Katibu mmoja ameniuliza wakati wa chai afanye nini iwapo ofisi ya halmashauri itamwambia nakala ya sheria ndogo haipatikani. Nimemjibu aombe kwa barua yenye tarehe, kupitia kwa Mtendaji wa Kata, akae na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa, na aniandikie mimi katika wiki mbili kama hajajibiwa. Mwanasheria wa halmashauri huwa na faili la sheria ndogo zote zilizotangazwa. Hilo ndilo la kuulizia, kwa kuwa kwenye masijala ya kawaida mara nyingi hamtalikuta. Gharama ya kurudufu iingizwe katika matumizi ya ofisi, na stakabadhi yake iwemo katika jalada nitakapokuja.